Anasikia

Mama yangu alikuwa akiipua sufuria kwa mikono mitupu. Hatafuti kitambaa, hatafuti kipande cha boksi. Anashika ukingo wa sufuria maji yakiwa bado yanatokota, anaitua chini taratibu na kuendelea na maongezi yake. Majirani walimsifu. Walisema wasichana wa siku hizi hata kikombe cha chai wanakishikia leso, lakini huyu ndiye mwanamke. Nami nilijivuna. Niliwaambia walimu wenzangu ofisini kwamba mikono ya mama yangu haijui moto, na ilikuwa kweli tupu, sema mimi nilidhani ni sifa.

Mimi nafundisha shule ya msingi Katoro, darasa la tatu. Kila mwaka tunafika kwenye somo la milango ya fahamu, nachora kichwa cha mtu ubaoni, watoto wanakicheka kwa sababu sijui kuchora, halafu tunaimba pamoja: macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Kisha naleta nyoya la kuku. Mtoto anasimama mbele, anafumba macho, namgusa shingoni au kiganjani, na akiguswa anasema "sasa". Nawaeleza kwamba ngozi inapokea habari na kuipeleka kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoitafsiri. Neno hilo la kutafsiri nalipigia mstari kwa chaki ya rangi. Ungeniona navyolipigia mstari, ungesema huyu mwalimu anajua kitu.

Mama alikuwa Rwamgasa, mwaloni. Mwalo kwetu si pale pa kushushia samaki kama wanavyojua watu wa ziwani. Ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Jiwe likitoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, linasagwa kwenye mashine tunayoiita karasha mpaka liwe unga, unga unaoshwa, na ule mchanga mzito unaobaki unatiwa kwenye karai pamoja na maji na zebaki. Hapo ndipo kazi ya mama ilipokuwa. Alikuwa anachuchumaa juani, mikono ndani ya karai hadi viwiko, anakanda mchanga na zebaki kama mtu anayekanda unga wa maandazi, mpaka zebaki inakamata dhahabu yote. Halafu anaikamua kwa kitambaa, anapata kidonge cheupe, anakiweka kwenye kipande cha bati juu ya jiko la mkaa na kukipuliza. Zebaki inaondoka na moshi, inabaki dhahabu. Alifanya hivyo tangu mimi nasoma sekondari, na ndivyo nilivyovaa sare.

Alikuwa maarufu kwa vidole vyake. Wachimbaji walikuwa wanamletea mchanga aupapase tu kati ya kidole gumba na cha shahada awaambie kama una kitu. Alikuwa anafumba macho, anasugua kidogo, anasema huu una kitu, huu mkamwage. Sijamsikia akikosea, labda kwa sababu ni mama yangu.

Zebaki hakuiogopa hata siku moja. Alikulia upande wa Shinyanga kwenye mashamba ya pamba, na sumu aliyoijua yeye ilikuwa dawa ya kupulizia pamba, ambayo ukifungua tu kopo macho yanatoka machozi na kichwa kinauma mpaka jioni. Kwa hiyo alikuwa na kanuni yake: sumu hubisha hodi puani. Zebaki hainuki, haiwashi, inateleza mkononi inang'aa vizuri tu, basi akaiona haina ubaya. Nilipomwambia kwamba wataalamu wanakataza kuishika kwa mikono mitupu, alinijibu kwamba wataalamu wenyewe hawajawahi kuosha karai hata moja. Sikumbishia sana. Nilikuwa na haraka ya kurudi Katoro.

Baadaye vikaanza vitu vidogo vidogo. Mboga yake ikawa na chumvi mpaka unakunja uso, na yeye anaongeza nyingine. Akasema kinywani anasikia ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba msumari. Vikombe vikaanza kumponyoka. Kufunga vifungo vya blauzi akawa ananiita mimi, anasema macho yamezeeka, nami nikaamini kwamba ni macho, kana kwamba watu hufunga vifungo kwa macho. Mikono ikawa inatetemeka anaposhika kijiko. Alisema vidole vinakufa ganzi, anasikia kama sisimizi wanatembea ndani yake. Kwa bahati, nilikuwa na ujauzito wa miezi minne wakati huo na nilikuwa naenda kliniki, nikamwambia mayu, yaani mama, twende wote, wakuangalie hiyo mikono.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja mpole, mgeni huku kwetu, Kisukuma hajui hata salamu. Mama Kiswahili anakijua, cha sokoni na cha mwaloni, lakini akiona koti jeupe kinamkimbia chote anabaki na Kisukuma. Kwa hiyo nikawa mkalimani. Nilikaa katikati yao kwenye benchi, najiona wa maana, mwalimu mzima na tumbo langu.

Tatizo jingine lilikuwa masikio. Mama alikaa jirani na karasha miaka yote ile, na karasha likinguruma hata mtu akikupigia kelele sikioni humpati. Akawa mzito wa kusikia. Kumwambia neno lazima upaze sauti. Basi nesi akachukua sindano, akainama kwenye mkono wa mama, akawa anamgusa ncha za vidole. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Anasikia?"

Nikamgeukia mama nikamuuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya kumfikia. Na kwa Kisukuma ni hivyohivyo kama Kiswahili: kwigwa ni kusikia sauti, na kwigwa ni kusikia baridi, harufu, maumivu, vyote. Mama akanikunjia uso kidogo. Akasema anasikia, kwani ninampigia kelele ya nini mbele za watu.

Nikamwambia nesi, "Anasikia."

Nesi akaandika. Akasema mishipa iko sawa, huenda ni uchovu na damu kupungua, akampa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuchua. Tukatoka tunacheka. Njiani mama akanunua ndizi mbivu, akanisimulia kwamba nesi yule ana mkono mwepesi sana, hata hutambui kama amekushika. Wallahi ningekuwa na akili ya kuku ningesimama palepale barabarani.

Mtoto alipozaliwa, wa kike, mama akaja Katoro kunilea, kama desturi ilivyo. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto, na mtoto anaogeshwa na bibi yake kwa sababu mikono ya mzazi bado haijatulia. Siku ya kwanza aliponikanda tumbo nilipiga yowe. Kitambaa kilikuwa cha moto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nikamwambia mayu, unaniunguza. Akacheka, akasema sisi watoto wa kalamu ni laini, kwamba yeye alikandwa na bibi yangu kwa maji ya moto zaidi ya hayo na hakutoa sauti. Nikajiona mimi ndiye dhaifu. Siku kumi na nne nilikandwa hivyo nikiuma kona ya kanga, na kila siku ngozi yangu iliniambia ukweli nami nikaiambia inyamaze.

Ilikuwa wiki ya tatu, asubuhi. Nimelala chumbani, mama yuko uani na beseni. Nilimsikia anaimba ule wimbo wake wa kumwogeshea mtoto. Halafu mtoto akalia. Mimi ni mzazi wa mara ya kwanza, kilio cha njaa na cha usingizi vilikuwa bado vinanichanganya, lakini kile nilikijua kabla sijafungua macho. Nilitoka na gauni la kulalia. Mama alikuwa amemshika mtoto kwa upole kabisa, miguu yake ndani ya maji, akimmwagia mgongoni kwa kiganja, anamwambia nyamaza bibi, unalia njaa, tutamaliza sasa hivi. Mvuke ulikuwa unapanda usoni mwake. Nilimnyang'anya mtoto. Miguu yote miwili ilikuwa imebadilika rangi mpaka magotini.

Mama alibaki amechuchumaa, ananitazama. Akatia mkono wake kwenye beseni tena, akauacha humo muda mrefu. Akasema, "Ni ya vuguvugu."

Sikumjibu. Hapana, si kweli, nilimjibu. Nilimwambia neno ambalo mtoto hamwambii mama yake, na silirudii hapa. Nikapanda bodaboda na mtoto kifuani.

Mungu alisaidia, majeraha hayakuwa ya ndani. Tulilazwa, tukatoka, tukawa tunarudi kubadilishwa dawa. Ila nyumbani palikuwa pameharibika. Mama mkwe alikuja kutoka Kahama, anakaa huko upande wa Buzwagi, mwanamke wa maneno machache na ibada nyingi. Alimkagua mjukuu wake mguu mmoja, akakagua wa pili, akamfunika. Kisha akasema mbele yetu wote, "Mtu hawezi kumchoma mtoto asisikie."

Mume wangu akaangalia chini. Kila mtu pale alijua sentensi ile inaelekea wapi. Kwetu, bibi mzee akitajwa hivyo mbele ya watu, hata kama hakuna aliyelitamka lile neno lenyewe, mchawi, halali usingizi tena. Mama angeweza kusema, mikono yangu imekufa. Hakusema. Alisema tu kwamba alipima maji kwa mkono, na mkono ulimwambia ni ya vuguvugu. Ukiitazama ile mikono, mikubwa, safi, haina hata kovu la maana, utaamini vipi? Hata mimi sikuamini. Si nilikuwapo kwa nesi? Si niliuliza mwenyewe, akajibu mwenyewe kwamba anasikia? Kwa hiyo kichwani mwangu zilibaki njia mbili tu, kwamba mama yangu ni mzembe, au ni kitu kibaya zaidi, na zote mbili nilizitembea usiku na mchana. Naona aibu kuliandika hili lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake akafunga mzigo wake. Fundo la kanga lilimshinda, akalifunga kwa meno. Sikuinuka kumsaidia. Alisimama mlangoni akamtazama mtoto kwa mbali, hakuomba kumshika, akarudi Rwamgasa.

Likizo ya uzazi ikaisha nikarudi darasani, na mtoto akabaki nyumbani na mama mkwe, ambaye hakuwa amerudi Kahama. Somo lilikuwa lilelile la kila mwaka. Nikaleta nyoya langu. Nikamwita binti mmoja wa dawati la mbele, mtoto wa wafugaji, Kiswahili chake bado kina lafudhi ya nyumbani. Akafumba macho. Siku hiyo sikuwa na akili sawasawa, na badala ya kumpa maelekezo yangu ya kawaida, kwamba aseme "sasa", nikamuuliza tu, "Unasikia?" Nyoya liko mkononi mwangu, sijamgusa bado.

"Nasikia, mwalimu," akajibu.

Darasa likaangua kicheko. Wenzake wakamwambia hajaguswa, anadanganya. Naye akakasirika, akafumbua macho, akasema hadanganyi, mwalimu kamuuliza kama anasikia na yeye kasikia, ana masikio.

Nilikaa kwenye kiti. Watoto wakaendelea kucheka, kisha wakaona sicheki, wakanyamaza mmoja mmoja. Nilikuwa naiona zahanati, naliona benchi, namwona mama anavyonikunjia uso, kwani unanipigia kelele ya nini. Alinijibu kweli. Aliulizwa kama anasikia, akasema anasikia, na mimi nikaichukua kweli ile ya masikio nikaipeleka kwa nesi kuwa kweli ya vidole. Miaka saba nafundisha mchezo wa kusema "sasa", na siku mama yangu alipokuwa ndiye wa kuguswa, sikuukumbuka. Nikawaambia watoto wasome wenyewe ukurasa unaofuata.

Jumamosi nikaenda Rwamgasa. Nilimkuta mwaloni, mikono kwenye karai. Nilimwamkia akaitika bila kuinua macho. Nikachuchumaa nikamtoa mikono kwenye lile karai, nikamnawisha mimi mwenyewe kwa maji safi na sabuni, mkono huu na huu, kama anavyonawishwa mtoto. Nikamwomba radhi kwa lile neno. Akasema lile neno hakulisikia vizuri, masikio yake si unayajua. Alikuwa amelisikia.

Nikamwambia twende hospitali, Geita mjini. Alikataa. Akasema wakikuta mikono haina ugonjwa, watu watasema basi kweli ni yule wanayemdhani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakujitetea. Alikuwa anajua mikono imepungua nguvu, lakini alidhani mwenyewe kwamba zahanati ilishapima ikasema ni mizima, na kama wapimaji wanasema ni mizima na mtoto kaungua, basi labda ndani yake kuna kitu kibaya asichokijua. Mama yangu alikuwa anajishuku. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha. Sisi ndio tulimfichia.

Mama mkwe alisema naye anakuja, kwa sababu mtoto alikuwa na miadi siku hiyohiyo ya kuangaliwa miguu. Nadhani alitaka kuona kwa macho yake. Tulipanda gari moja. Yeye alimbeba mtoto mgongoni, mama akakaa upande wa pili, mikono ameifungia ndani ya kitenge.

Daktari alikuwa kijana. Kabla hajagusa kitu nilimwambia, tafadhali usimuulize kama anasikia. Mwambie afumbe macho, na kila akiguswa aseme "sasa". Akanitazama kidogo, akakubali. Nikamweleza mama kwa Kisukuma, polepole, mara mbili, mpaka akarudia mwenyewe kwa maneno yake. Akafumba macho. Akanyoosha mikono juu ya meza, viganja juu.

Daktari akaanza na kidole gumba. Kile kidole kilichokuwa kinapapasa mchanga. Akakigusa kwa sindano, akangoja. Akakigusa tena kwa nguvu kidogo. Akaenda cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Akahamia mkono wa pili. Kwenye kidole kimoja kikatoka kitone cha damu, akakifuta kwa pamba. Uso wa mama ulikuwa umetulia, ametega, kama mwanafunzi mwema anayengoja swali. Mama mkwe alikuwa amesogea karibu na meza bila kujitambua. Daktari akamaliza vidole vyote kumi akarudia tena vyote kumi.

Kisha mama, macho yamefumba vilevile, akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini ili asimkere daktari.

"Mbona haanzi?"

Sikuweza kumtafsiria daktari. Haikuwa lazima. Mama mkwe ni Msukuma, alielewa, akaweka kiganja mdomoni. Mimi nililia, na mama akafumbua macho akashangaa tunalia nini, akatazama mikono yake, akaona ile pamba yenye damu.

Daktari akauliza amefanya kazi gani, nikamwambia. Akaeleza habari za zebaki, ule moshi usionuka, jinsi unavyoingia na kukaa ndani mpaka vidole vinasahau kazi. Akasema aachane nayo kabisa, vipimo zaidi vitafuata, na kwamba huenda kidogo kitarudi na huenda kisirudi. Mama alisikiliza nilivyomtafsiria, neno kwa neno safari hii. Mwishoni aliuliza jambo moja tu, kama daktari anaweza kuandika karatasi inayosema hakukusudia.

Mama mkwe akasema hakuna haja ya karatasi. Akafungua mbeleko, akamshusha mtoto, akamwelekezea mama. "Mshike, mama mwenzangu," akasema.

Mama akarudisha mikono ndani ya kitenge. Akatikisa kichwa. Tukadhani amekataa kwa hasira, na angekuwa na haki. Lakini akainama, akaleta uso mbele.

"Mniwekee hapa shavuni," akasema. "Hapa bado nasikia."

Nikamchukua mtoto nikamweka shavu kwa shavu, nikamshikilia hivyo mpaka mikono yangu ikachoka, na hakuna aliyesema tuondoke.